Hamsini, moja, mbili, tatu

Saa tisa usiku na robo hivi, mapokezi niko peke yangu, wageni wote wamelala, baridi ya Moshi ya mwezi wa saba wanaoijua wanaijua, lakini mimi jasho linanitoka kama nimebeba magunia. Simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai, na ndani ya simu kuna sauti ya mwanamke anahesabu Kijapani taratibu, hana haraka wala huruma: niju byo (sekunde ishirini)... ichi, ni, san, yon, go... Kidole changu kiko hewani sijui nikishushe wapi.

Babu, mlinzi wetu wa getini, alikuwa ameingia kujaza chupa yake ya chai. Akasimama nyuma yangu akasikiliza kidogo, kisha akauliza, "We mjukuu wangu, huyo mama anapima nini inchi inchi usiku wote huu?"

Nikamwambia "Subiri kidogo Babu," na hapo hapo kwenye hilo "kidogo" sauti ikafika kumi, skrini ikafifia, nimeshindwa. Nimeshindwa kwa muda, mechi ambayo nilikuwa naongoza tangu katikati. Babu akamimina chai yake akaondoka, na mimi nikabaki namkasirikia mtu ambaye hana kosa lolote.

Basi leo naandika kuhusu hiyo sauti. Mchezo wenyewe unaitwa shogi, watu wengi wanausema "chesi ya Kijapani" na si vibaya, mfalme yupo, zamu kwa zamu, unamfunga mfalme asipate pa kwenda umeshinda. Nilifundishwa na mgeni mmoja mzee aliyekuja kupanda mlima, akashushwa njiani kwa sababu ya kichwa kuuma, akawa na siku tatu za kukaa hotelini hana la kufanya. Alikuwa na kibao cha kukunja cha sumaku, kete ndogo ndogo kama punje za mahindi zimeandikwa maandishi yao. Alipoondoka akaniachia. Mimi Kijapani sijui, yeye Kiingereza cha kuungaunga, tukaelewana kwa vidole.

Kinachoutofautisha na chesi ya kawaida ni kwamba kete ukiila inakuwa yako. Unaiweka pembeni, siku ukiitaka unaidondosha popote penye nafasi na inakupigania wewe. Nilipomweleza Babu hili nilidhani atashangaa, wala hakushangaa, akasema "Kwani bao si hivyo hivyo?" Na kweli, Babu ni mtu wa Pangani, bao kalicheza tangu utoto, kete ukila haziondoki mchezoni, unazitia upande wako na zinaendelea kutembea. Mimi nimezunguka YouTube mwezi mzima kulielewa jambo ambalo mzee kalielewa kabla chai haijapoa.

Nimelitaja kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini muda ni jambo kubwa hivyo kwenye shogi. Kwenye chesi mchezo ukielekea mwisho ubao unakuwa mweupe, kete zimeisha, unaweza kupumua. Kwenye shogi kete zote 40 zinabaki mchezoni hadi dakika ya mwisho, nusu ziko ubaoni nusu mikononi, na kila moja ya mkononi inaweza kutua karibu popote penye nafasi kwenye miraba 81. Yaani mchezo unazidi kuwa mgumu kadiri unavyoelekea mwisho, na mwishoni ndipo huna muda. Mtu aliyepanga mambo haya ni kama alikaa akafikiria jinsi ya kumtesa binadamu.

Sasa saa zenyewe zinafanyaje kazi. Kila mchezaji anapewa muda wake mkuu, tuseme saa 4 au saa 6, anautumia anavyotaka. Ukiisha, hushindwi. Unaingia kwenye kitu kinaitwa byoyomi, maana yake kusoma sekunde, na kuanzia hapo kila hatua yako una sekunde 60 (kwenye mechi kubwa), ukicheza ndani ya hizo 60 hatua inayofuata unapewa 60 nyingine mpya, na nyingine, na nyingine. Anayekusomea ni mtunza kumbukumbu, kijana anayekaa pembeni ya ubao na karatasi, mara nyingi ni mwanafunzi ambaye naye anapigania kuwa mchezaji wa kulipwa. Anatamka sekunde 30, sekunde 40, sekunde 50, halafu anaanza moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Akitamka kumi umeshindwa. Wanaume wa miaka hamsini wenye majina makubwa nchini, na roho zao ziko mdomoni mwa kijana wa miaka kumi na saba.

Kuna jambo la zamani ambalo nililipenda sana nilipolielewa. Kwenye mechi zinazopimwa kwa utaratibu wa kale, ule wa saa ya kupima kwa mkono, sekunde zisizofika dakika hazihesabiwi kabisa. Ukifikiria sekunde 59 ukacheza, kwenye karatasi inaandikwa umetumia dakika sifuri. Sifuri! Ukifikiria dakika 3 na sekunde 50 umetumia dakika 3. Kwa hiyo mtu mjanja anaweza kucheza hatua ishirini za mwanzo, kila moja anakaa karibu dakika nzima anaangalia dari, na muda wake bado uko palepale kama haujaguswa. Na ile dakika ya mwisho kabisa kwenye akaunti yako haiwezi kuliwa mpaka uizidi, ndiyo maana mtu anaweza kuishi kwenye dakika hiyo moja kwa hatua mia. Mashindano mengine wamehamia kwenye saa ya kubonyeza inayokata kila sekunde, kama ya chesi, na nasikia wazee hawakufurahi. Mimi ningekuwa mzee nisingefurahi pia.

Rafiki yangu mmoja anacheza chesi mtandaoni, dakika tatu tatu, yeye anasema byoyomi ni ukatili. Nabishana naye kila siku. Chesi ya dakika tatu ndiyo ukatili, saa inafika sifuri umekufa hata kama unaongoza malikia mbili, hakuna rufaa. Byoyomi haikuui, wewe mwenyewe ndiye unayejiua. Kila hatua unapewa mkopo mpya, na mkopo unatosha, sekunde 60 zinatosha kuona hatua nzuri kama umetulia. Tatizo ni kwamba sekunde 60 zinatosha pia kuona hatua nzuri, kuikubali, kisha kwenye sekunde ya 56 kuona nyingine inayong'aa zaidi na mkono ukaenda huko wenyewe. Nitarudi hapa, kuna mtu mmoja hili lilimkuta mbele ya nchi nzima.

Zamani muda haukuwa na mpaka. Enzi za mashogun mechi za mbele ya mtawala kule Edo (Tokyo ya leo) zilikuwa zinachezwa kwanza faragha siku za kabla, halafu siku yenyewe wanazirudia tu mbele ya wakubwa, maana zingechezwa pale pale zingekula siku nyingi. Na kuna msemo wao kwamba wacheza shogi hawawahi kumuona mzazi wao anapokata roho, na wengi wanausimulia hivyo, kwamba mchezaji alifungiwa ndani na mechi yake haina mwisho.

Halafu kuna ile ya mwaka 1937. Hii nimeisoma mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo. Sakata Sankichi, mtu wa Osaka, katoka familia fukara, kusoma na kuandika kulimshinda, umri umepita miaka 60, na amekaa nje ya mechi rasmi miaka mingi kwa ugomvi wa vyeo. Gazeti la Yomiuri likamleta acheze na Kimura Yoshio, kijana anayeng'aa wakati ule kutoka Tokyo, kwenye hekalu la Nanzenji, Kyoto, mwezi wa pili, baridi kali. Muda waliopewa? Saa 30 kila mmoja. Narudia, saa thelathini, mtu mmoja! Wakacheza siku saba. Na Sakata kwenye hatua yake ya kwanza kabisa, ambapo karibu binadamu wote husogeza askari aliye mbele ya ngome (ile kete ya rook) au kufungua njia ya askofu, yeye akasukuma askari wa pembeni kabisa mwa ubao. Hatua ambayo haina faida yoyote unayoweza kuieleza kwa mtu, umepoteza zamu tu. Mwezi uliofuata akacheza na Hanada Chotaro, hekalu la Tenryuji, saa 30 tena, akasukuma askari wa pembeni wa upande mwingine. Zote mbili alipoteza. Una saa thelathini mfukoni na unachagua kuanza kwa kumpa mwenzio hatua ya bure, hicho ni kiburi cha aina ambayo mimi siwezi hata kukilaumu, nakiheshimu tu kwa mbali.

Sasa kwa nini gazeti litoe saa 30? Hapa ndipo nilipofunguka macho. Mashindano makubwa ya shogi yalilipiwa na magazeti, na mpaka leo magazeti bado yapo nyuma ya mataji mengi. Gazeti linachapisha mechi kidogo kidogo, leo hatua tano, kesho hatua tano na maelezo ya mwandishi aliyekuwa chumbani, mchezaji alikula nini, alikohoa mara ngapi. Mechi ndefu ni hadithi ya wiki nzima, kama tamthilia, msomaji analazimika kununua la kesho. Ikaja redio, ikaja TV, na hao hawana siku saba. Kombe la NHK, shirika la utangazaji la taifa la Japani, lilianza 1951 kwenye redio, sasa liko kwenye TV kila Jumapili asubuhi, na muda wake ni dakika 10 tu kila mmoja, zikiisha una sekunde 30 kwa hatua pamoja na dakika 10 za akiba ambazo unazitoa moja moja ukibanwa. Kila chombo cha habari kimekata muda kwa kipimo cha mfuko wake. Mtandao nao umekuja na wake: mwaka 2018 ABEMA, kituo cha TV cha mtandaoni, walianzisha mashindano ya dakika 5 tu, na kila ukicheza unaongezewa sekunde 5, wazo la Habu Yoshiharu mwenyewe, bingwa wa mabingwa, akilichukua kutoka kwenye saa ya Bobby Fischer wa chesi. Zile mechi ukiziangalia ni kama kuangalia watu wanamenya vitunguu kwa kasi ya ajabu. Nzuri, ila mimi roho yangu iko kwenye zile ndefu.

Na zile ndefu zinanifaa kwa sababu ya kazi yangu. Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Mechi ya taji ikianza saa tatu asubuhi kwao, kwangu ni saa tisa usiku, muda ambao hata mbwa wa mtaani wamechoka kubweka. Taji la Meijin ndilo lenye muda mrefu kuliko yote, saa 9 kila mmoja, siku mbili. Ryuo, Oi na Osho saa 8, nayo siku mbili. Naanza nao zamu, naangalia hatua tatu nne, mmoja anazama kwenye mawazo, naandikisha wageni wa ndege ya usiku, nakagua jenereta, narudi, bado hajacheza. Saa nzima. Hatua ile ile. Mwaka 2005 kuna mchezaji anaitwa Horiguchi Kazushiza alikaa saa 5 na dakika 24 kwenye hatua moja, na muda wake wote ulikuwa saa 6. Mimi nikichelewa kumjibu mteja dakika tano naandikiwa barua.

Mechi za siku mbili zina kitu kinaitwa hatua ya bahasha. Siku ya kwanza inapofika saa kumi na mbili jioni kwao (saa sita mchana huku, niko kitandani nimefunika macho na kanga), ambaye ni zamu yake haruhusiwi kuicheza hatua yake waziwazi, anaiandika kwenye karatasi, inatiwa kwenye bahasha, inafungwa na kusainiwa, wanaenda kulala. Asubuhi bahasha inafunguliwa mbele ya wote. Kwa nini? Kwa sababu kama ingechezwa waziwazi mwenzake angekuwa na usiku mzima wa kuifikiria bila saa kukata. Kwa hiyo usiku ule mmoja analala anajua kaandika nini na mwenzake analala anabahatisha. Na mjue hapa kuna ujanja mwingine, saa ya mapumziko ya chakula saa haihesabu, basi ukiweza kupanga zamu yako iangukie hapo unapata muda wa bure wa kufikiria huku unatafuna. Wanafanya hivyo kweli, kwa makusudi, na nyuso za upole kabisa.

Mtu aliyenifanya niipende byoyomi badala ya kuiogopa ni Kato Hifumi. Alikuwa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 14, mwaka 1954, na akacheza hadi 2017. Huyu alikuwa hatunzi muda hata kidogo. Anaumaliza wote mapema akitafuta hatua iliyo bora kabisa kwenye kila kona, kisha nusu nzima ya mechi anaicheza kwa dakika moja moja, tai ndefu inafika chini ya mkanda, anainuka, anazunguka hadi upande wa mpinzani wake auangalie ubao kutoka huko. Walimwita mungu wa shogi ya dakika moja. Na alikuwa na tabia ya kumuuliza mtunza kumbukumbu "zimebaki dakika ngapi?", anamuuliza tena, anamuuliza tena, hata wakati jibu ni moja tu na kila mtu chumbani analijua. Chakula chake mchana na usiku ni mkunga wa kuchoma juu ya wali, miaka nenda rudi, kwa sababu kuchagua chakula nako kunakula akili.

Mwaka 1982 alicheza na Nakahara Makoto kugombea Meijin. Mechi saba zikawa kumi kwa sababu nyingine ziliishia bila mshindi zikarudiwa. Mechi ya mwisho, tarehe 31 mwezi wa saba, Kato yuko kwenye sekunde, karibu anashindwa, ghafla akaona njia ya kumfunga mfalme, na akapiga kelele katikati ya chumba kile cha kimya, "Ah, kumbe!" kwa Kijapani chao. Akashinda. Taji lile lilikuwa limekaa kwa Nakahara vipindi tisa mfululizo. Kato huyo huyo ndiye anayeshikilia rekodi ya kushindwa mechi nyingi kuliko wote wakati anastaafu, 1180, na alishinda 1324. Ukiangalia namba hizo mbili unaelewa mtu aliyekataa kuwa bahili wa muda anaishije.

Sasa yule niliyeahidi. Oktoba 11, 2023, Kyoto. Fujii Sota, miaka 21, ana mataji saba kati ya manane. La nane, Oza, liko kwa Nagase Takuya, mtu ambaye kufanya mazoezi kwake ni kama ugonjwa, na isitoshe hao wawili ndio wanaofanya mazoezi pamoja. Oza ni saa 5 kila mmoja, siku moja. Fujii anaongoza mechi 2 kwa 1. Mechi ya nne Nagase kamuweza. Kamuweza kabisa, ile mashine inayoonyesha nani anaongoza imesogea karibu asilimia mia upande wake, kuna njia ya kumfunga Fujii, aweke kete inayoitwa dhahabu kwenye mraba wa 4-2 na yanayofuata ni kushuka ngazi. Muda wake mkuu umeisha. Anasomewa sekunde. Hatua ya 123. Akasogeza askofu wake aliyepanda cheo kwenda 5-3.

Klipu ya sekunde zilizofuata nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mkono unaachia kete. Anatulia kidogo sana. Halafu mikono miwili inapanda kichwani inavuruga nywele, anageuka pembeni, anajipiga. Hakuna aliyemwambia kitu, Fujii bado hajacheza. Alijua mara tu vidole vilipoachia, na hilo ndilo linalonimaliza, kwamba alihitaji sekunde sitini na moja. Fujii akashinda kwenye hatua ya 138, ikawa saa tatu usiku kwao na saa tisa alasiri kwetu, mataji yote manane kwa mtu mmoja, mara ya kwanza katika historia. Magazeti yote yakaandika Fujii. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye daladala naenda kumuona dada, nasoma kwenye simu, nikapitiliza kituo.

Usije ukadhani hayo ni ya ngazi ya mataji tu. Mwaka 2015 nusu fainali ya NHK, Hashimoto Takanori, mchezaji wa juu kabisa, kwenye zile sekunde 30 alidondosha askari kwenye mstari ambao tayari ana askari wake mwingine. Hilo ni kosa la mtoto wa siku ya kwanza, sheria inasema umeshindwa papo hapo. Na nchi nzima ikaona kwenye TV ya taifa.

Na wenzetu wana neno kabisa la kumshambulia mtu kwa muda: mpinzani akiingia kwenye sekunde wewe unacheza haraka haraka hata kama una saa nzima imebaki, ili asipate kufikiria kwenye muda wako. Maana kumbuka, dakika zako ni zake pia. Anapofikiria mwenzio na wewe unafikiria bure. Hili nililigundua kwa kuumia, mchezaji mmoja wa mtandaoni alinifanyia mechi tatu mfululizo, nikawa nasema huyu mshenzi anacheza bila kufikiri, kumbe ndiye aliyekuwa anafikiri.

Mimi mwenyewe nacheza dakika 10 na sekunde 30. Matatizo yangu si ya Kato. Bando linakata. Waifai ya hotelini inapumua kama mgonjwa wa pumu, nikicheza kwenye sekunde ya 27 hatua yangu inafika kule ya 31, nimeshindwa, na hakuna wa kumlalamikia. Kwa hiyo mimi byoyomi yangu kwa ukweli ni sekunde 25, tano nimeshampa mtoa huduma kama ushuru. Nikaanza kuweka kumbukumbu kwenye daftari la zamu, ukurasa wa nyuma, wapi muda wangu unakwenda. Ikaonekana dakika 6 kati ya 10 nazimaliza kwenye hatua kumi na tano za mwanzo, mahali ambapo hakuna hatari yoyote, napanga mfalme wangu ngome, nasogeza hiki narudisha kile, kwa sababu hapo ndipo panaponipendeza kukaa. Kufikiria mahali pasipo na moto ni raha sana. Moto ukifika sina kitu mfukoni.

Usiku ule wa inchi inchi ukapita. Wiki mbili baadaye mpishi wetu wa asubuhi, ambaye huwa anafika saa kumi alfajiri kuandaa chai ya wapanda mlima, akaniona na kile kibao cha sumaku akataka kujua. Nikamfundisha. Ana akili ya haraka yule, ndani ya mwezi alikuwa ananila, ila anakaa na hatua moja mpaka maji ya chapati yanapoa. Nikasema tuweke saa. Hatuna saa. Babu akasema yeye atahesabu, ana saa ya mkononi ya mshale wa sekunde, na kwa kuwa yeye ni mtu mzima hakuna wa kumbishia.

Siku ya kwanza alihesabu kwa ukamilifu wake: "Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu." Kwa heshima zote, kama anasoma majina msibani. Mpaka anafika hamsini na tisa mshale ulishapita mzunguko na robo, na mpishi akawa anapata sekunde kumi na tano za bure kila hatua, akanishinda. Nikamwambia Babu, shikamoo lakini, Wajapani wakifika hamsini hawasemi tena hamsini, wanasema moja mbili tatu tu. Akafikiri. Akasema, "Marahaba. Basi wana akili, maana moja ni moja tu, iko ya hamsini au ya mia." Na ajabu namba zetu zinakaa vizuri kwenye sekunde: mo-ja, mbi-li, ta-tu, ne, ta-no. Kama zilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Jana alfajiri mpishi alikuwa amenibana. Nilikuwa na dhahabu moja na askari wawili mkononi, mfalme wangu yuko uchi, na yeye ndiye zamu yake, ameishika farasi hewani hajui aishushe wapi, jasho linamtoka kwenye kofia nyeupe. Babu kasimama mlangoni, saa kaiinua karibu na taa. "Hamsini. Moja. Mbili. Tatu. Ne." Hapo hapo gari la wapanda mlima likapiga honi getini, mara mbili, ndefu. Babu akatazama nje, akatutazama, akaanza kwenda, viatu vinaburuzika kwenye kokoto na mdomo unaendelea, "Tano... sita..." mpaka sauti ikamezwa na muungurumo wa injini. Mpishi akabaki na farasi wake hewani.

"Sasa hiyo inahesabika au haihesabiki?" akaniuliza.

Sijajibu, kutoka getini, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi Marangu, tukasikia: "Tisa!"